Mshale, Ndoano na Mita Sita: Nani Anatawala Ukingo wa Mto katika Kibera na Kawangware?

Kenya haina msimu wa kuwinda. Mwezi Mei 1977 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji, na tangu hapo hakuna raia anayeweza kufika kwenye dawati la serikali, kulipa ada na kuondoka na kibali cha kumpiga swala au nyati. Ndege kama kanga na kwale waliachwa nje ya marufuku ile, wakaendelea kupigwa marisau na wenye leseni kwa miaka mingi. Kisha ikaja Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ikayataja makosa moja baada ya jingine. Kuwinda kwa burudani ni jinai. Kuuza nyama ya porini ni jinai. Hata anayewinda ili apate kitoweo cha nyumbani hutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000, au hufungwa kwa muda usiopungua miezi 6, au vyote viwili.

Mtu wa Gatwekera, Kibera, au wa Gatina, Kawangware, akisoma hayo anaweza kusema shauri limekwisha. Tena, nani atapoteza mshale wake katika maji meusi ya Mto Ngong? Mimi naona shauri halijakwisha. Machi 2025 serikali ilizindua mradi wa kufufua mito ya Nairobi, bajeti yake ikitajwa kuwa shilingi bilioni 50. Maji hayo yakisafika hata nusu, kambare na ndege wa majini watarudi, na watu watawafuata na vyombo walivyo navyo: manati, ndoano, nyavu za vyandarua, labda upinde, labda bunduki ya upepo. Sheria zetu zimeshiba maneno kuhusu chombo na kuhusu mnyama. Kuhusu mahali zinagongana. Ukingo wa mto unaanzia wapi, unakomea wapi, na nani anawajibika pale? Hilo likiachwa wazi, kila kanuni ya mshale au risasi itamwangukia mtoto mwenye manati na kumruka mwenye bomba la maji taka.

Tuanze na mito yenyewe. Mto Nairobi unatoka kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, unapita Dagoretti palipo na machinjio, unateremka kati ya Kawangware na Kangemi, kisha unaingia mitaa ya wenye nacho ya Lavington na Kileleshwa. Motoine nao unapita katika Msitu wa Ngong Road, unafuata upande wa kusini wa Kibera, unamwaga maji kwenye Bwawa la Nairobi, na ukitoka huko watu wanauita Mto Ngong mpaka eneo la viwanda. Vijito vidogo vinavyokata Kibera, vile vinavyopita Lindi na Silanga, vyote vinaishia humo.

Bwawa la Nairobi lilikamilika mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya kunywa ya jiji. Baadaye likawa mahali pa mashua za tanga na wikendi za wanachama wa klabu. Gugu maji likaja, maji taka yakaja, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya lile eneo la ekari zipatazo 88 imekuwa kijani kitupu ambacho mgeni anaweza kudhani ni shamba. Kando ya vijito watu wanalima sukuma wiki, nduma na majani ya ng'ombe. Hayo ndiyo mavuno ya mto kwa sasa. Samaki wa Kibera hutoka mbali: omena na mgongo wazi kutoka Ziwa Victoria, ngege wa kufugwa kutoka China, wanaokaangwa na akina mama kando ya reli.

Sasa mfuate kijana mmoja, wa kubuni, anayetoka msituni hadi bwawani na manati shingoni. Akiwa ndani ya Msitu wa Ngong Road, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inamkataza kumkamata au kumuua mnyama yeyote bila leseni, hata kuwa tu na mtego au wavu wa kunasia, na anayemsubiri ni askari wa Huduma ya Misitu. Akitoka nje ya ua akampiga kwarara, yuko mikononi mwa Huduma ya Wanyamapori, maana ndege huyo ni mnyamapori hata akiwa juu ya jaa la taka. Akigeukia samaki, anaingia kwenye Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Maji yenyewe yana Mamlaka ya Rasilimali za Maji, uchafu wake una NEMA, mamlaka ya mazingira, ardhi iliyo chini yake ina Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na tangu mwishoni mwa 2022 kuna Tume ya Mito ya Nairobi. Akipita mwendo huo wote, mtu pekee atakayemkuta kweli, tena akiwa na haraka, ni kanjo, askari wa kaunti.

Katiba ya 2010 nayo imechangia mkanganyiko huo. Jedwali la Nne linaipa serikali kuu ulinzi wa mazingira, na linataja waziwazi uvuvi, uwindaji na ukusanyaji wa mazao ya mwituni. Jedwali lilo hilo, sehemu ya pili, linaipa kaunti uvuvi kama tawi la kilimo, pamoja na bustani na viwanja vya burudani. Mvuvi mmoja aliyekaa ukingoni Silanga yuko chini ya serikali kuu akihesabiwa kuwa anachuma mali ya asili, na chini ya kaunti akihesabiwa kuwa anazalisha chakula au anapumzika bustanini. Wanasheria wanaweza kuyapatanisha hayo mezani. Ukingoni hayajapatanishwa.

Turudi kwenye chombo, maana ndipo sheria zetu zilipoweka nguvu. Bunduki imefungwa barabara: Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inaitaka iwe na cheti, na cheti hutolewa na bodi. Katika uvuvi, baruti, sumu na umeme ni marufuku. Upinde uko katikati na hauna nyumba. Si silaha ya moto, wala hautajwi pamoja na baruti na sumu. Kanuni ya Adhabu inamkamata anayetembea hadharani na silaha kwa namna ya kutia watu hofu, lakini hilo ni kosa la kutisha watu, halimhusu samaki.

Pwani wameshalipitia jambo lililo karibu sana na hili. Wavuvi wa Diani, Gazi na Msambweni wanaijua bunduki ya samaki: mti uliochongwa, mipira iliyokatwa kwenye tyubu, na chuma chenye ncha. Mwaka 2001 serikali iliipiga marufuku pamoja na juya, kwa hoja kwamba mpigaji huvunja matumbawe na humaliza samaki wa miambani akiwachagua mmoja mmoja. Hoja ilikuwa na uzito. Bunduki hizo hata hivyo hazikuisha, kwa sababu rahisi: ndicho chombo cha kijana asiye na mashua. Malema yanataka ufundi na muda, nyavu halali zinataka fedha, bunduki ya samaki inataka tyubu kuukuu. Palipopatikana nafuu ni kwenye fuo ambazo kikundi cha usimamizi wa ufuo, kile kinachoitwa BMU, kilikuwa na watu wanaofahamiana, wakaelewana nani avue wapi na kwa chombo gani. Karatasi ya Nairobi ilikuwa ile ile pwani nzima, na fuo zikatofautiana kwa sababu ya watu waliokuwapo.

Kisa cha Mto Galana kinanigusa zaidi. Wawata, ambao vitabu vya wakoloni viliwaita Waliangulu, waliwinda tembo kwa pinde nzito na mishale yenye sumu katika nyika za pande za Tsavo. Mbuga ikaundwa mwaka 1948, na mila ikawa ujangili. Katikati ya miaka ya 1950 kampeni kali ya David Sheldrick, msimamizi wa mbuga, na wenzake iliwakamata wawindaji wengi, ikavunja kabisa utaratibu wao wa kuishi. Maafisa wenyewe wakaanza kusema kwamba watu hawa walihitaji njia halali. Ndipo mwaka 1960 ukaanza Mpango wa Galana, kaskazini ya mto, ambako tembo wangevunwa kwa idadi iliyopangwa na Wawata wangepata ajira na kipato. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wa kupendeza. Kwa vitendo, risasi ilipigwa na mwajiri, Mwata akachuna ngozi na kubeba nyama. Mpango haukufika mwisho wa muongo huo, na eneo likageuka ranchi ya ng'ombe. Aliyeujua mto kuliko wote alipewa kazi ya kibarua kwenye mto wake, na hakuna aliyemuuliza kanuni iweje.

Milimani mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta samaki aina ya trauti kutoka Scotland, akawapandikiza katika Mto Gura, Aberdare. Walowezi wakaiga utaratibu wa kwao: leseni, na kuvua kwa fimbo, mara nyingi kwa nzi bandia peke yake. Kanuni hizo ziliwafaa watu wenye muda, zikamwacha Mkikuyu wa kando ya mto akiwa mwizi wa samaki waliopandwa mlangoni kwake. Lakini zina jambo moja la kuazima, nalo ni kwamba chombo kilipangwa kwa mto. Kijito hiki nzi bandia, mto ule ndoano ya kawaida. Kanuni iliyoandikwa kwa kila mto inaweza kujibu hali ya mto huo, kitu ambacho marufuku ya nchi nzima haiwezi.

Mfano wa mbali unaonisaidia kufikiri ni wa jimbo la Montana, Marekani, ambako kuvua kwa upinde na kuwinda kando ya maji ni mambo ya kila msimu. Sheria yao ya 1985 ya kufikia mito inampa kila mtu ruhusa ya kutumia mto na sakafu yake mpaka alama ya kawaida ya maji yakiwa juu, hata kama ardhi ya pande zote mbili ni ya mtu binafsi. Baada ya kumfungulia mlango, ikataja asichoweza kufanya humo: wanyama wakubwa wasiwindwe, isipokuwa kwa upinde au bunduki ya marisau pale tume ya wanyamapori itakaporuhusu mahususi. Tazama mpangilio. Kwanza mahali, kisha chombo, kisha ofisi moja ya kuulizwa. Mwenye mali anajua mstari, mwindaji anajua mstari, askari anajua mstari.

Kwetu mstari ni fumbo. Kanuni za kilimo za 1965 zilianza na mita 2 kwa kijito chembamba. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka upana kamili wa mto, usiopungua mita 6 na usiozidi 30 kila upande, kutoka mahali mafuriko makubwa kuliko yote yaliyorekodiwa yalipofika. Kwa kijito cha Kibera chenye upana wa hatua tatu, vipimo hivyo vinaweza kukupa ukingo wa mita 2, wa mita 6, au, afisa akiamua kutaja kiwango cha juu tu, wa mita 30. Katika mita 30 za Lindi au Gatina kuna safu kadhaa za nyumba, kanisa, choo cha kulipia na kibanda cha M-Pesa. Katiba, Kifungu cha 62, inasema mito yote ni ardhi ya umma. Haikusema umma huo usimame wapi.

Na mstari usiojulikana humwumiza asiye na wakili. Agosti 2018 serikali ilibomoa South End Mall, karibu na makutano ya Barabara ya Lang'ata na ya Mbagathi, mwendo mfupi kutoka Bwawa la Nairobi, na Ukay Centre kule Westlands. Nchi ikashangilia kwamba safari hii wakubwa wameguswa. Ubomoaji huo ulipungua kasi muda si mrefu. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, amri ya kuhama kingo ilitoka kwa saa 24, matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru, na Rais William Ruto akaahidi shilingi 10,000 kwa kila kaya iliyobomolewa. Mahakama ya Juu ilikuwa imeshaamua Januari 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, kwamba hata waliokaa ardhi ya umma bila hati wana haki ya makazi ya kulindwa. Matingatinga hayakusimama kusoma hukumu.

Ndiyo maana nasita kila nikisikia pendekezo la "kuulinda mto" kwa askari na adhabu. Kibera yenyewe ilizaliwa na bunduki. Askari wa Kinubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles waliwekwa hapo kuanzia 1904, na mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa kuwa ardhi ya kijeshi, mahali pa mazoezi na pa kuishi wastaafu. Wajukuu wao walisubiri hadi 2017 kupata hati ya ekari 288. Mkazi wa leo akisikia maneno "kupiga risasi kando ya mto", hawazi bata mwitu. Anawaza maandamano, teja aliyekutwa maiti asubuhi, au yule mtoto wa miaka 13 aliyepigwa risasi na polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko Machi 2020, wakati wa kafyu. Udhibiti wa risasi kandokando ya mito ya Nairobi unamhusu kwanza mwenye sare. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi ya Kitaifa ya 2011 linasema afisa atumie bunduki pale njia nyingine zimeshindwa, hasa maisha yakiwa hatarini, atoe onyo, na akijeruhi au kuua, IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ijulishwe. Kanuni yoyote mpya ya ukingo wa mto itakayompa mgambo au askari wa tume silaha bila kumfunga kwa masharti hayo itaongeza hatari mahali inapodai kuipunguza.

Je, mto usiwe na kanuni basi? La. Mshale na gololi ya manati havina macho. Ukingo wa Kawangware ni njia ya wanafunzi, ni sehemu ya kufulia, ni uwanja wa watoto. Hakuna pembe ya kupiga ambayo nyuma yake hakuna mtu. Kwa hiyo ningependa kila kinachorushwa, iwe mshale, gololi, risasi ya upepo au mkuki wa mpira, kikatazwe ndani ya ukingo wa mito ya mjini, kwa maneno machache na adhabu ya mjini: kunyang'anywa chombo, kazi ya kusafisha mto siku kadhaa, faini ndogo. Shilingi 30,000 zilizopangwa kwa ajili ya mwindaji wa porini ni kodi ya chumba cha mabati kwa miezi mingi. Hakimu akimtoza kijana wa Gatina kiasi hicho kwa ajili ya njiwa mwitu, kijana ataona wazi thamani yake kwa nchi hii.

Ndoano na mshipi ni jambo jingine. Hazirukii mtu, hazina kelele, na humfanya mtu akae mahali pamoja akiutazama mto, jambo ambalo mto unalihitaji kuliko doria. Bwawa la Nairobi likifufuliwa, kuvua kwa ndoano kuwe wazi kwa wakazi, bila leseni ya kumtuma mtu mjini kati kupanga foleni. Najua pingamizi. Wapo watakaosema ukiruhusu ndoano leo, kesho utaona vyandarua, keshokutwa sumu. Inawezekana. Pwani imeonyesha kwamba kinachozuia hilo ni watu wanaojuana. Kikundi cha usimamizi kama BMU kinaweza kuundwa Silanga na Laini Saba, kikawa na mamlaka ya kuandikisha wavuvi na kukamata nyavu haramu, na kikapata sehemu ya ada za mashua au za bustani.

Kielelezo kipo tayari. Tangu 2006 shirika la Kounkuey limekuwa likijenga pamoja na wakazi wa Kibera maeneo ya umma kando ya Mto Ngong na vijito vyake: kuta za kuzuia mafuriko, vyoo, viwanja, vibanda vya biashara, kila mahali pakiwa na kikundi chake cha kupasimamia. Wakazi ndio walioamua wapi pawe na nini. Palipokuwa jaa pana watu sasa, na penye watu wenye kazi hapatupwi taka usiku kirahisi. Kawangware haijapata kitu cha ukubwa huo, ingawa mto wake ni mkubwa zaidi na mitaa ya chini yake ina fedha. Lavington inaweza kulipia mto unaopita nyuma ya kuta zake.

Kabla ya yote hayo pawe na vigingi. Vigingi vya saruji, vinavyoonekana, vilivyopimwa hadharani chifu na wazee wa Nyumba Kumi wakiwapo, kila upande wa kijito, pamoja na ramani iliyobandikwa. Nakubaliana na mita 6 kwa vijito vidogo vya Kibera, kwa sababu hizo ndizo sheria inazoweza kuzitetea bila kuhamisha kata nzima, na anayehamishwa ndani ya mita hizo apewe mahali pengine kwanza. Ndani ya vigingi, kanuni moja na ofisi moja. Tume ya Mito ingefaa kuwa ofisi hiyo kama ingekabidhiwa mamlaka ya NEMA na ya kaunti kuhusu ukingo, badala ya kuwa kiti cha nyongeza kwenye meza iliyojaa.

Yabaki maji. Machinjio ya Dagoretti yamewahi kufungwa kwa sababu ya uchafu, yakafunguliwa tena. Mabomba ya maji taka ya Kibera yanaingia kwenye kijito mchana kweupe. Samaki wa kwanza atakayeonekana bwawani huenda akawa kambare, anayevumilia maji ambamo wengine hufa, na mwili wake utabeba kila kilichomo. Kumruhusu mtu amvue amlishe mtoto wake bila kumwambia hilo ni uzembe mbaya kuliko kumkataza. Kwa hiyo ubao wa kwanza ukingoni, kabla ya ule wa kukataza mishale, uandikwe matokeo ya vipimo vya maji na vya nyama ya samaki, kwa Kiswahili, na tarehe ya vipimo hivyo. Mpaka siku ubao huo utakaposimama Silanga, ndoano nayo isubiri.